Sefu ya Sukari

Mtaa mzima unamwita Komandoo, ingawa asubuhi hurudi kutoka kazini akiburuta viatu kama mtu anayevuta mbuzi mbishi. Mama huyu analinda duka la sonara usiku. Bastola ni yake mwenyewe, ya kibali, maana sonara anapenda walinzi wanaokuja na vifaa vyao. Alipoomba kibali aliambiwa awe na sefu. Akanunua ya chuma, ikafungwa ukutani kwa skrubu nene.

Ila nyumba ile sukari ilikuwa haikai. Binti yake mdogo aliilamba kwa kiganja, na bibi yake, mama wa Komandoo, akitafuta penye kufuli, akaiona sefu, akaifungia sukari humo. Komandoo aligomba siku moja, akachoka. Bastola ikahamia kabatini, juu ya mashuka.

"Huko mtoto hafiki," mama yake alisema.

"Ana stuli, mama."

"Basi itoe risasi. Kwani we si komandoo?"

Ndivyo alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Kwanza unachomoa magazini, kile kibebeo cha risasi, ndipo unakoki, yaani unavuta bomba la juu nyuma, ili risasi iliyobaki ndani iruke nje. Leo alikaa kitandani macho yakimwasha, na mikono ikaanza na la pili. Akakoki, risasi ikarukia godoroni, akaridhika. Akachomoa magazini. Kumbe alipokoki, risasi nyingine ilipanda kutoka kwenye magazini ikakaa tayari. Akaielekeza kabatini, akafyatua ili kulegeza springi, kama kawaida.

Masikio yakaziba. Tundu kwenye mlango wa kabati lilikuwa usawa wa kifua cha mtoto, palepale anaposimama kuchagua gauni.

"Mtoto yuko wapi?" Komandoo aliuliza.

Mama yake alikuwa mlangoni, midomo inacheza, sauti haifiki. Komandoo akampita. Mtoto alikuwa uani bombani, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni.

"Mama, umevunja nini?"

Komandoo akakaa chini kwenye maji.

Fundi cherehani wa jirani akachungulia juu ya ukuta. "Komandoo, umeua mende?"

"Nimemkosa."

Aliporudi ndani, bibi alikuwa anaitoa sukari sefuni, anaimimina kwenye sufuria, nusu inamwagika.

"Kuna sisimizi humu," alisema, bila kumtazama.

"Waache."

Akakagua bastola tena, polepole, kwa mpangilio wake, kisha akatia kidole ndani kuhakikisha hamna risasi. Akaifungia sefuni. Risasi akazifungia mbali, kwenye sanduku lake la nguo. Funguo zote akazitia mfukoni, kisha akavaa tena viatu.

"Unakwenda wapi? Lala kwanza, mwanangu."

"Kituoni, nikawaambie polisi. Nikilala nitaamka na sababu za kutokwenda."

"Watakunyang'anya kibali."

"Watakuja, wataikuta humo."

"Na kazi je? Tutakula nini?"

Komandoo aliinama kufunga kamba, ikamponyoka, akaianza upya.

"Sijui, mama. Mwekee mtoto chai. Na sukari mwachie alambe."