Kikombe cha Mwalimu Vifungo

Wifi yangu anafundisha darasa la kwanza, na shule nzima inamwita Mwalimu Vifungo. Naishi nao, kwa hiyo najua gharama ya jina hilo. Kaka yangu hutoka asubuhi shati limeachama kifuani, maana mkewe akiona kifungo kinalegea hakishoni, anakichukua. Nimemsema mpaka nimechoka. Anacheka tu.

Kazi ya vifungo ni hii: anaweka vitatu mezani, vingine anavifunika kwa kikombe cha bati, kisha anaandika hesabu ubaoni na kuwaambia watoto jumla ni saba. Vilivyofichwa ni vingapi? Mwanzoni wengi hujibu kumi. Wakiona alama ya kujumlisha ubaoni, wanajumlisha chochote kilicho karibu.

Mwaka huu alikuja binti mmoja anayelelewa na bibi yake. Huyo hakusema kumi wala nne. Aliinamisha kichwa, kila siku. Mwalimu mkuu akaamua kuja Ijumaa kumpima mwenyewe. Mtoto akishindwa, anarudi chekechea. Wifi alikosa raha. Alhamisi alimwita mtoto pembeni, akambembeleza, ndipo mtoto akanong'ona:

"Bibi amesema vya watu vikifunikwa tusivichunguze."

Heshima yote hiyo, na sisi walimu tulishamwita mzito. Niliposikia niliona aibu. Wifi hakubishana na bibi wa watu. Alimpa mtoto kikombe, akamwambia vifungo ni vyake, afunike yeye, mwalimu abahatishe. Akabahatisha ovyo makusudi. Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akamsahihisha, tena na tena.

Ijumaa mwalimu mkuu aliketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakikaribia kidevu. Mimi nilijifanya nimekuja kuazima chaki. Akanyoosha mkono achukue kikombe, mtoto akakivuta kwake. Nikajua kimenuka.

Mtoto akafunika, akaacha vitano nje, akatangaza jumla ni nane. Mwalimu mkuu akakuna kidevu, akikikodolea kikombe macho. Mtoto akamgusa mkono taratibu.

"Usiogope, Mwalimu. Hata mimi nilikuwa naogopa kidogo. Anza na tano, tuhesabu pamoja. Sita..."

"Saba, nane," akaitikia mwalimu mkuu.

Kikombe kikainuliwa: vitatu. Mwalimu mkuu akasema mtoto abaki palepale alipo, na wifi yangu akageukia ubaoni kufuta machozi. Kifungo kimoja kati ya vile vitatu kilikuwa cha blauzi yangu, nilichokitafuta nyumba nzima. Sikukidai.