Kisanduku cha Mvule cha Saa ya Loice

Loice Nabalayo alipokuja Kampala kutoka Webuye alikuwa na begi moja, sketi mbili za kanisani na mdomo usiojua kunyamaza mbele ya kazi mbovu. Alianza kwa kufagia unga katika kiwanda kidogo cha mikate huko Kawempe. Miaka ilivyokwenda akatoka kwenye ufagio akaenda kwenye meza ya kukata madonge, na kutoka mezani akakabidhiwa tanuri. Hapo ndipo alipojikuta yuko nyumbani.

Lilikuwa tanuri la kuni, la matofali, lisilo na kipimo cha joto wala kengele. Joto Loice alilisoma kwa kiganja. Muda aliusoma kwenye saa yake.

Saa yenyewe ilikuwa ya kiume, ya kutia ufunguo, yenye uso mweupe na mishale myeusi. Aliinunua siku ile ile alipopewa tanuri, kwa fundi saa mmoja wa Old Kampala aitwaye Tamim. Tamim alipomuuliza kama anamnunulia mume, alijibu, "Mume sina. Mkono ninao." Wenzake walipomshangaa kwa nini hatumii simu kama watu wengine, aliwaambia simu na unga haviivani, akaendelea na kazi.

Aliitunza saa hiyo kama mtu anavyotunza jicho. Kila jioni, kabla ya kuwasha jiko la chakula, aliivua, akaifuta jasho na vumbi la unga kwa kitambaa laini, akaitia ufunguo taratibu mpaka aone inakataa, kisha akailaza juu ya kitambaa kwenye kisahani cha chai. Asubuhi aliikuta ikitembea, akaivaa, akatoka.

Obura aliingia katika maisha yake kupitia kwaya. Alikuwa seremala wa Namuwongo, Mjaluo aliyefiwa na mke zamani, mwenye sauti nzito na mikono isiyotulia. Walioana wote wawili wakiwa na mvi, na Loice hakuona haya kucheza arusi yake mwenyewe mpaka viatu vikamshinda. Obura alimwita "nyar Webuye", yaani binti wa Webuye, na alipenda kumtazama jioni akiilaza saa.

"Kitu unachokipenda hivi," alimwambia siku moja, "kinalala kwenye kisahani?"

Baada ya muda akamletea kisanduku cha mvule, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, ndani kimewekwa kitambaa cha mahameli. Kifuniko hakikuwa na kufuli wala ndoano. Ukikisogeza tu kilijifunga chenyewe, tak! Obura alikifunga na kukifungua mara kadhaa, akicheka kama mtoto. Loice akakikumbatia kisanduku, halafu akamkumbatia na aliyekileta. Tangu siku hiyo saa ikawa inalala humo.

Haukupita muda mrefu, mambo ya kiwandani yakaanza kuharibika.

Kwanza Loice alifika asubuhi akamkuta mlinzi bado amejifunika sweta kichwani. "Mama Loice, leo umeota nini?" mlinzi akauliza. Loice akamwambia aliyechelewa kuamka ni yeye mlinzi. Kisha mikate ikaanza kutoka myeupe. Akasema kuni ni mbichi. Kuni zikabadilishwa, mikate ikazidi kuwa myeupe. Akamgeukia Wandera, mchochea moto, mtu mpole kutoka Busia aliyefanya naye kazi miaka mingi.

"Wandera, moto wako umelala."

"Moto uko sawa, mama. Weka mkono uone."

Loice akaweka mkono. Kiganja kilimwambia moto uko sawa. Lakini saa ilisema muda umetimia, na kati ya Wandera na saa, Loice alichagua saa. Akamkaripia mbele ya watu. Wandera aliokota kuni, akaendelea kuchochea, na siku nzima hakumwita mama tena.

Aliyelimaliza jambo hilo ni Munirah, Mnubi mwenye mkahawa wa chai karibu na msikiti wa Old Kampala, mteja wa Loice tangu mwanzo. Alikuja Kawempe mwenyewe na mkate ndani ya mfuko. Akaukata katikati mbele ya tanuri, akaubonyeza kwa kidole, na kidole kikabaki na alama ya unga mbichi.

"Dada Loice, mimi napenda wewe," akasema. "Lakini hii mkate yako watu wananirudishia. Wazee wakiichovya, wanauliza kama napika chai au uji."

Watu wakacheka. Loice hakucheka. Aliutazama mkate, akatazama saa mkononi mwake, halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Munirah, hebu nionyeshe simu yako."

Munirah akamwonyesha. Saa ya Loice ilikuwa imekimbia mbele sana, na asubuhi ile ile alikuwa ameirekebisha kwa redio, akidhani ni yeye aliyeiweka vibaya.

Kumbe basi mkate haukuwa ukipata muda wake. Loice aliliona jambo lote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Akamwomba Munirah ampe siku hiyo tu, akamkabidhi Wandera tanuri na kumwambia apime muda kwa simu, akafungua aproni, akashuka mjini.

Tamim alikuwa palepale, kwenye kibanda chake kilichobanwa kati ya maduka mawili ya zamani ya Wahindi. Aliiweka saa sikioni, akainua nyusi. Kisha akatoa dira ndogo kwenye mtoto wa meza, akaisogeza karibu na saa. Mshale wa dira ukaruka.

"Nyabo, mama yangu, hii saa inalala wapi?"

"Kwenye kisanduku. Kizuri sana."

"Hiyo sanduku inafunga namna gani?"

Loice akafungua mdomo kujibu. Akalisikia lile tak! masikioni mwake, akaufumba.

"Ina sumaku," Tamim akasema. "Ndani ya saa kuna kamani nyembamba kama unywele. Sumaku ikishika ile, mizunguko inagusana, saa inakimbia kama mwizi. Lakini haijakufa. Kaa hapo."

Akaiweka saa juu ya kifaa kidogo kinachoondoa sumaku, akabonyeza, akaiinua polepole. Akarudia. Aliposogeza dira tena, mshale ulitulia. Loice akaivaa, akatoka.

Hakurudi nyumbani kwanza. Alirudi Kawempe, akawakuta watu wanatoa tanurini mikate ya rangi nzuri ya kahawia. Akasimama katikati yao wote, pale pale alipomkaripia Wandera.

"Kosa lilikuwa la saa," akasema, "na saa ni yangu. Wandera, moto wako haukulala hata siku moja. Nisamehe."

Wandera akafuta jasho kwa mkono. "Yameisha, mama," akasema.

Kumwambia Obura ndiko kulikokuwa kugumu. Loice alifikiria kurudisha saa kwenye kisahani kimyakimya, lakini yeye hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Walipomaliza kula, akakiweka kisanduku mezani na kumweleza kila kitu.

Obura akachukua msumari, akausogeza kwenye ukingo wa kifuniko. Msumari ukarukia mbao na kunata.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiitilia sumu," akasema.

"Umekuwa ukiipenda," Loice akamjibu. "Ni sumaku tu ambazo hazikujua."

Asubuhi Loice aliamshwa na sauti ya patasi. Obura alikuwa amekaa mlangoni, kisanduku mapajani, anachokoa sumaku moja baada ya nyingine. Mashimo akayaziba kwa vipande vya mvule, na mahali pa kufungia akachonga kijiti kinachozunguka kwenye kitundu.

"Sasa kinafungwa kwa mkono," akasema, akijaribu kijiti. "Kama mlango wa mtu mwenye akili."

Loice alicheka mpaka akaketi chini kando yake.

Munirah aliendelea kuchukua mkate, na baada ya wiki chache akaongeza oda kwa ajili ya harusi ya mpwa wake Sharifah. Naye Wandera, siku moja ya mshahara, alifika kazini na saa ya mtumba mkononi, ya kutia ufunguo, kioo chake kina mkwaruzo.

"Mama, hii nailazaje usiku?"

Loice akaigeuza, akaisikiliza. "Ifute jasho kwanza. Itie ufunguo jioni, muda ule ule kila siku, na ikikataa usiishurutishe. Ilaze juu ya kitambaa, mahali pakavu. Usiiweke karibu na redio, wala spika, wala simu. Na kesho uilinganishe na simu ya mtu."

"Hata wewe unalinganisha siku hizi?"

"Kila asubuhi," Loice akasema, akavuta mlango wa tanuri. Harufu ya mkate ulioiva ikajaa chumba kizima, na Wandera akasogeza sinia.