Machela Inayopanda Kilima

Ni saa moja kasorobo asubuhi na ukungu bado umelala mabondeni Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Vilele tu ndivyo vinavyoonekana. Sauti za wanaume wanaoimba zinatoka huko chini kwanza, kisha vichwa vyao, kisha mabega. Mabegani wamebeba engozi, machela ya fito na kamba inayojulikana na kila nyumba ya vilima hivi. Ndani yake ameketi bibi mwenye kitambaa cha buluu kichwani, mkoba wa madaftari mapajani.

"Saverino, pole pole! Umebeba mwalimu, hujabeba viazi."

"Viazi havina maneno mengi hivyo, Mwalimu," anajibu Saverino Baryayanga, mwenyekiti wa chama cha engozi, na wenzake wanacheka hadi machela inayumba.

Mgeni anayewaona angesema pole, akidhani bibi anakimbizwa hospitali. Lakini hospitali iko bondeni, nyuma yao. Hawa wanapanda.

Mwalimu Feresita Tindimwebwa ana miaka sabini na saba. Wanaume wote wanne wanaombeba ni yeye aliyewafundisha kuandika majina yao. Juu ya kilima cha Kagorogoro ana chumba kimoja cha udongo na watoto thelathini na wanane, wadogo wadogo, ambao shule nyingine ya karibu kwao ni mwendo wa saa mbili, kuvuka bwawa la mafunjo. Mzazi hutoa shilingi elfu tano kwa muhula. Asiyenazo huleta maharage.

Kazi ya serikali aliiacha miaka kumi na saba iliyopita. "Nilistaafu Ijumaa," anasema. "Jumatatu watoto wakaja mlangoni kwangu. Ningewaambia nini, kwamba herufi zimekwisha?"

Alizaliwa ng'ambo ya bonde, kifungua mimba wa watoto tisa, katika shamba la mtama lililopanda mlima ngazi kwa ngazi. Kazi yake ilikuwa kufukuza ndege. Mtama ulipoiva alikaa juu ya dungu tangu alfajiri, kitabu cha kuazima magotini, akisoma mstari mmoja na kupiga kelele, mstari mmoja na kupiga kelele. Ndiyo maana mpaka leo hana haja ya kupaza sauti mara mbili darasani.

"Baba aliwahi kuniuliza, ndege wamekula kiasi gani? Nikamwambia, kurasa tatu," anasema, na macho yake yanaenda mbali, kama vile dungu lile bado limesimama mahali pake.

Alizaa sita na wote aliwafundisha. Kila mmoja kwa zamu yake alilala ndani ya kikapu chini ya ubao, vumbi la chaki likimdondokea. Akilia, mama alimfunga mgongoni na somo likaendelea. Bintiye Bonabaana, ambaye sasa ni muuguzi Mbarara, husema alijua hesabu za kujumlisha kabla hajaota meno.

Walio hai ni watano. Nkwasibwe, wa tatu, alishikwa na homa akiwa na miaka tisa, msimu wa mvua. Engozi ilikuja usiku, na mama yake alishuka nayo akiwa ameshika mguu wa mtoto njia nzima. Mguu ulipoa kabla hawajafika bondeni.

Tangu siku hiyo Mwalimu Feresita alilipa mchango wake wa chama bila kukosa, akapika uji wa mtama wa wabebaji, lakini hakuisogelea machela yenyewe. Ilipopita njiani, aliipa mgongo.

Mwaka jana goti lake la kulia lilikataa mlima. Wiki tatu darasa lilifungwa. Watoto walipanda, wakakaa nje ya mlango, wakarudi. Wiki ya pili walikuja kumi na tisa. Wiki ya tatu walikuja saba, na wengine walishaonekana mashambani wakichunga mbuzi, ambako mtoto akizoea humtoi tena.

Bonabaana alikuja kumchukua. "Mama, umelea wa watu vya kutosha. Twende nikakulee."

Nguo zilifungwa. Lakini Jumapili hiyo chama cha engozi kilikutana, na Saverino akasema wataweza kumpandisha Mwalimu kila siku ya shule, kwa zamu. Wazee wakaguna. Engozi hutoka kwa mgonjwa, kwa mwanamke mwenye uchungu, na kwa maiti. Kumweka mtu mzima wa afya humo ni kujiitia mkosi.

Feresita mwenyewe alisimama kwa fimbo yake. "Msigombane kwa ajili yangu. Kitu kile nimekiona kikishuka na mwanangu. Sipandi."

Ndipo Bibi Keireere, jirani yake wa miaka zaidi ya tisini, akafoka kutoka kwenye mkeka.

"Mmesahau au hamkufundishwa? Mimi nililetwa kilima hiki kwa engozi! Bibi harusi, mafuta yananing'aa, wanaume wanane wanaimba! Ninyi mnajua maiti tu. Na wewe Feresita, ni mwanamke gani uliyeolewa kwa miguu, kama aliyefukuzwa kwao?"

"Tuliolewa kanisani, Bibi. Mume wangu alisema mambo ya engozi ni ya kale."

"Basi mumeo alikunyima. Kaa humo, waimbe, wakupeleke kama bibi harusi. Mkosi gani utakaomfuata bibi harusi?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Feresita hakucheka. Alilia, mbele ya watu aliowahi kuwachapa kwa kulia darasani. Kisha akamwambia Bonabaana afungue mizigo.

Asubuhi hii wabebaji wanatua machela mlangoni mwa darasa. Feresita anashuka, anawagawia uji, anaingia. Jioni atateremka mwenyewe kwa fimbo, hata ikimchukua saa nzima, maana kushuka ndani ya engozi amekataa katakata.

Mpango wake ni wa miaka miwili. Ninsiima, aliyekuwa mwanafunzi wake, yuko chuo cha ualimu na ameahidi kurudi Kagorogoro. Mpaka hapo, anasema, goti litavumilia.

Wakati wa mapumziko watoto wanatoka mbio. Wanne wanakamata fito mbili na shuka, wa tano anapanda, na msafara unaelekea juu ya kilima kwa nyimbo. Mwandishi wa makala haya anamuuliza msichana aliyebebwa: engozi ni ya nini? Anamkodolea macho kwa swali la ajabu hivyo.

"Ya kumpeleka Mwalimu shuleni."

Feresita amesikia. Anaegemea mlango, mkono kifuani.

"Wasiambiwe kazi yake nyingine," anasema kwa sauti ya chini. "Wakue kwanza."