Kulipeleka Gari la Mutembei Siakago

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nilitoa jiwe nyuma ya gurudumu, na Baba akarudi kinyumenyume mpaka langoni na gari la marehemu kaka yangu. Tulikuwa tunalipeleka Siakago kwa mtu aliyelinunua. Mama hakutoka nje. Alikuwa ameniambia jikoni, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, "Mimi siwezi kuliona likitoka. Wewe huongei, lakini unaandika. Basi niandikie vile lilifika."

Kwa hiyo haya ni ya Mama, na ya yeyote pale kwetu Kaaga aliyezoea kusikia honi ile ikilia mara mbili Ijumaa jioni.

Kaka yangu Mutembei alifundisha hisabati katika shule ya kutwa huko Siakago, na gari lake lilikuwa dogo, jekundu, la milango mitatu ukihesabu ule wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Halikuwa gari la tajiri. Lilikuwa gari ambalo mwalimu anaweza kujinyima mpaka akalipata, lakini roho yake ilikuwa ya mkimbiaji: gia tano, usukani mwepesi, na mngurumo mzito ambao hukuutegemea kwa kitu kidogo vile. Siku za kazi lilibeba madaftari na watoto waliochelewa. Ijumaa alikunja kiti cha nyuma, likabeba magunia mawili ya ndengu hadi nyumbani. Jumapili lilimpeleka Mama kanisani. Siku moja lilibeba kondoo dume, kichwa nje ya dirisha kama abiria anayetafuta mtu. Na siku zote hizo, hata akiwa anaenda kununua maziwa tu, Mutembei alirudi akitabasamu.

Baba hakulipenda. Aliendesha lori la kahawa tangu kabla sijazaliwa mpaka alipostaafu, na alikuwa na msemo wake: "Gari hupandwa. Hii ya Mutembei inavaliwa, kama kiatu."

"Basi vaa, Baba," Mutembei alikuwa akimjibu. "Tuone kama kitakubana."

Wakacheka. Kesho yake, maneno yaleyale. Miaka miwili ikapita hivyo, na Baba hakuwahi kuingia ndani ya lile gari.

Kazi yangu ilikuwa jiwe. Boma letu lina mteremko na breki ya mkono ilikuwa dhaifu, kwa hiyo nikisikia honi mara mbili nilikimbia kuliweka jiwe nyuma ya gurudumu. Mutembei aliuliza kupitia dirishani, "Jiwe liko?" Nami nikapaza sauti, "Liko!" Ndipo akaachilia breki. Mimi ni mtu ambaye mwalimu akiniuliza swali darasani natetemeka mpaka wenzangu wananijibia. Neno hilo moja ndilo nililoweza kulipiga kelele.

Sasa niseme jambo ambalo Mama pia halijui. Jumapili moja likizo ya Aprili, Mutembei aliosha gari, akalileta karibu na mlango, akaniambia nimwite Baba ampeleke hadi Nkubu tu na kurudi. Baba alikuwa chumbani. Akaniambia, "Mwambie sipo." Nikaenda nikasema Baba hayupo. Mutembei akatazama gamubuti za Baba, zilizokuwa mlangoni na matope mabichi. Hakukasirika. Akasema, "Sawa. Mwambie gari litamngoja." Sikumwambia Baba. Niliona aibu kwa niaba yetu sote watatu. Siku tisa baadaye Mutembei alishikwa na kichwa na homa, na kabla wiki haijaisha tukamzika karibu na kahawa.

Nilikuwa nimeapa kumpa Baba ujumbe huo kabla hatujafika Siakago, gari likiwa bado mikononi mwake.

Kaaga hadi Nkubu. Baba aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kiti kilikuwa mbali, pale miguu mirefu ya Mutembei ilipokiacha, na Baba ni mfupi, kwa hiyo alifikia klachi kwa ncha za vidole. Nikamwonyesha kile chuma cha chini ya kiti cha kukisogezea mbele.

"Kiache," akasema.

Jiwe lilikuwa nyuma, limefungwa ndani ya gunia, na kila kona liligonga kidogo. Nilisema moyoni: nikifika Nkubu nitamwambia. Tukapita Nkubu. Nikasema: Igoji. Tukapita Igoji kukiwa na ukungu, akina mama wakivuka na mitungi ya maziwa.

Chuka, saa mbili na nusu. Kabla hata hatujasimama vizuri penye soko la ndizi, mwanamke mmoja alikuja mbio na mkungu mdogo kichwani, anacheka. Alikuwa ametambua mngurumo.

"Mwalimu! Ulipotelea wapi wewe? Ama ulioa ukatuficha?" Akainama dirishani, akamwona Baba. "Woi, pole mzee. Nilidhani ni mwenyewe. Mwalimu yuko?"

Baba alitazama mbele. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani na gari lilikuwa limesimama. Nikajua kwamba nisiposema mimi, tutakaa pale mpaka jioni.

"Alitutoka mwezi wa nne," nikasema. "Aliugua. Mimi ni dada yake."

Yule mama alishusha mkungu kutoka kichwani polepole sana. "Haki ya Mungu," akasema. "Na mimi nilikuwa nasema amepata wa ndizi mwingine." Akaufungua mlango wa nyuma bila kuuliza, kama mtu aliyeufungua mara nyingi, akauweka mkungu kando ya jiwe langu. Baba akatia mkono mfukoni. Yule mama akakataa kwa kichwa. "Hizi ni zake."

Tulipoondoka, Baba alisema, "Umesema vizuri, mwari." Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kusema kwa mdomo kwamba Mutembei amekufa. Ningekuwa na akili, ningeendelea hapohapo, maana mdomo ulikuwa umefunguka.

Bonde la mto Thuci. Hapa barabara inashuka kwa kona, inavuka daraja, inapanda tena upande wa Embu. Baba aliziingia kona za kwanza kama dereva wa lori, gia chini mapema, mguu kwenye breki. Lakini gari halikutaka hivyo. Lilikuwa linangoja. Sijui niliandikeje, lakini hata mimi nisiyejua kuendesha nililisikia. Baada ya daraja akaweka gia ya tatu na kuliachia. Likainuka. Tukaingia kona ya kushoto, nikadhani tutalala ubavu, lakini lilishika lami kama mjusi kwenye ukuta, likatoka upande wa pili bado lina nguvu, mngurumo wake ukajaa bonde. Kona nyingine. Nyingine. Na Baba akacheka. Si kicheko chake cha kawaida cha wazee. Kilimtoka ghafla, kama cha mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni.

Tulipofika juu akasimamisha gari kando ya barabara, akazima. Kukawa na ndege tu.

"Kumbe ni hivi," akasema. "Alikuwa anataka kunionyesha hivi." Kisha akalia, mikono yote miwili bado kwenye usukani. Sikuwahi kumwona akilia, hata kaburini. Nilitazama majani ya chai ng'ambo ya barabara kwa sababu sikujua pa kutazama.

Baada ya muda akauliza, bila kunigeukia, "Kendi. Ile Jumapili. Ulipomwambia sipo, aliamini?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Na mimi nikasema, "Ndiyo, Baba."

Embu mjini, saa nne kasoro. Tulitia mafuta. Kijana wa pampu akalizunguka gari akilipapasa kwa macho. "Mzee! Na hii gari ya vijana, unaiweza kweli?"

"Ni ya kijana," Baba akajibu. "Kijana wangu." Yule akacheka akidhani ni utani.

Embu hadi Siakago. Unaiacha lami na baridi nyuma, unateremkia joto. Udongo unabadilika, miti inakuwa mifupi yenye miiba, mashamba ya muguka wa kutafunwa, mbuzi kila mahali. Vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Baba sasa aliendesha gari kama lake, akikwepa mashimo kwa kidole kimoja, na jinsi alivyozidi kulijua ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema. Nilihesabu makalvati. Baada ya kalvati la tatu nitasema. Likaja la saba.

Siakago, saa tano. Sista Marigu, yule aliyelinunua gari, ni muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi. Mutembei alikuwa akimbeba yeye na kisanduku chake cha chanjo hadi zahanati za mbali. Alitupokea kwa mikono miwili, akatupa maji ya kunawa, kisha chapati na ndengu, na hakuzungumza habari ya gari mpaka tulipomaliza kula.

"Baba Mutembei," akasema, na Baba akashtuka kidogo, kwa maana jina hilo bado ni lake, "nisikudanganye, si kwa ajili ya kumbukumbu tu. Hapa gari kubwa hungojwa mpaka lijae. Mtoto akishikwa na degedege hangoji lijae. Hili linaondoka na mtu mmoja, linapita njia ya punda, na likifika halijanimaliza mshahara. Na," akapunguza sauti, "mimi pia napenda kukimbia kidogo. Hata kama ni mnene."

Baba akatabasamu. "Ulikimbize," akasema. "Linapenda gia ya tatu."

Nikatoa ndizi za Chuka, tukampa. Nikatoa jiwe, nikaeleza kazi yake. Sista akalitazama, akautazama uwanja wake. "Jiwe la nini, binti? Huku kwetu ni sawa kama sahani. Na breki nitaitengeneza." Alisema kwa upole tu.

Kisha akaingia ndani ya gari kulijaribu, akainama, akashika kile chuma cha chini, na kiti kikasogea mbele. *Krrrk.* Sauti fupi. Baba aligeuka akawa anatazama mbuzi. Nafasi ya miguu ya Mutembei ilikuwa imekwisha, na muda wangu pia.

Kurudi, saa saba mchana. Baba alikuwa na rafiki wa siku za kahawa aitwaye Nyaga, anayeendesha kanta, lori dogo la kupeleka ndengu Meru, naye akatupakia mbele pamoja naye. Baba alikaa katikati yetu, jiwe likawa mapajani mwangu.

"Sasa umerudi kwa gari la watu wazima," Nyaga akamtania. "Nilisikia umekuja na kibiriti."

Baba hakucheka. "Huku juu uko mbali na barabara," akasema. "Unaona mapaa ya watu tu."

Runyenjes, Nyaga alishuka kukaza turubai. Tukabaki wawili. Niliogopa kwamba atarudi upesi, na hofu hiyo ndiyo iliyonisukuma.

"Baba, nilikudanganya pale Thuci. Mutembei hakuamini. Aliona gamubuti zako."

"Najua," akasema. "Nilikuwa dirishani. Alinipungia mkono." Akafuta vumbi kwenye goti lake ambalo halikuwa na vumbi. "Sikupunga."

"Kwa nini basi uliniuliza?"

"Nilitaka niwe nilikosea."

Nikalishika jiwe kwa mikono yote. "Alisema nikuambie gari litakungoja. Sikukuambia."

Hilo hakulijua. Niliona halijui, kwa sababu alinigeukia mzima, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto anayeitwa. "Alisema hivyo?"

"Ndiyo. 'Mwambie gari litamngoja.'"

"Kwa nini hukuniambia asubuhi, tukiwa ndani yake?"

"Niliogopa ungelia."

"Kendi," akasema, "si nililia tu?"

Nyaga akapanda, akawasha. Tulipoteremka Thuci, kanta ikijikokota na kulalamika, nilitazama chini nikaona mguu wa kulia wa Baba. Kwenye kila kona ulikuwa unakanyaga sakafu.

Nilidhani kunyamaza ni njia ya kutomwumiza mtu. Sasa nimeona kwamba nilimnyima Baba asubuhi moja: kuendesha lile gari akijua kwamba alikuwa amengojwa. Kona zile hazitarudi.

Tulifika Kaaga saa kumi na mbili na nusu jioni. Mama alikuwa langoni. Alilitazama tu jiwe mikononi mwangu.

Asubuhi yake niliamka kabla ya wote. Mahali pa gari palikuwa na doa la oili, na nyasi za manjano zenye umbo lake. Nikaliweka jiwe pale gurudumu la nyuma lilipokuwa likikaa, nikalisukuma kwa kisigino lishike, kama kawaida. Nikasimama. Kisha nikasema, "Liko," kwa sauti, mpaka kuku wakatawanyika. Ng'ombe alikuwa ameanza kulia, basi nikachukua ndoo nikaenda kukama.