Usukani Uko Mbele

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kusikiliza malalamiko ya abiria wa teksi, na mimi mwenyewe sijawahi kupanda teksi. Nalisema mapema ili usije ukanicheka mbele ya safari. Mimi nilikuwa Amu, kisiwani Lamu, chumba cha juu nyumbani kwa shangazi, abiria wako Mombasa na Nairobi. Kampuni ilinipa kompyuta na visikizio, ikanifundisha kwa video namna ya kusema "pole kwa usumbufu" kwa sauti inayotabasamu. Kutabasamu sikuhitaji kufundishwa.

Dirisha nililazimika kulifunga. Siku ya pili tu punda wa jirani alilia nikiwa na abiria hewani, abiria akaniuliza kwa wasiwasi kama kuna mtu anapigwa. Msimamizi akaniandikia kwamba kelele ni marufuku. Basi nikafunga dirisha, nikafunga mlango, na feni nikaizima maana ilikuwa na mlio. Nikawa nakaa humo zamu nzima nikivuja jasho. Kuinuka hovyo nilikuwa siruhusiwi. Nikivua visikizio, taa yangu kwenye kompyuta inageuka nyekundu na msimamizi anaiona huko aliko. Chini uchochoroni watu wanapita wakicheka, na mimi nasema pole.

Abiria wa mjini naye ana mambo. Dereva anaongea sana. Dereva haongei kabisa, utadhani nimemkosea. Gari linanuka samaki. Huyo wa samaki nilimwonea huruma dereva wake. Kwetu ukitoka Shela kwa mashua ukafika na nguo kavu, unamshukuru Mungu na nahodha. Lakini sikuwadharau. Nilipenda kuwawazia wamekaa kiti cha nyuma, vioo vimepandishwa, mji unapita. Nilijiambia ipo siku na mimi nitaita teksi yangu, na nitalalamika kidogo, ili nionje.

Adhuhuri moja ikaingia simu ya mama mmoja, mtu mzima kwa sauti.

"Mwanangu, nimefungiwa," akasema.

Alikuwa Mombasa. Binti yake alimwitia teksi ya kumpeleka kwa daktari wa macho, na dereva akasimama pasiporuhusiwa ili anunue maji. Askari wa kaunti wakamchukulia leseni wakaondoka nayo, naye akatoka mbio kuwafuata. Kwa mazoea akabonyeza rimoti na gari likajifunga. Milango ya nyuma haikufunguka kwa ndani, vioo vilikuwa vya umeme, na ufunguo dereva kaenda nao. Simu yake nayo ilikuwa ikilia pale pale mbele, kila nikimpigia. Jua la utosi, na mama wa watu yumo ndani.

Katika majibu niliyoandaliwa hakukuwa na la mtu aliyefungiwa. Nikamwandikia msimamizi, akanijibu nimwambie abiria asubiri, dereva anatafutwa. Nikayasema hayo, kwa ile sauti ya video.

"Nisubiri kwa pumzi ya nani?" akaniuliza.

Nikamuuliza kama nje kuna watu. Akasema wapo tele, lakini vioo ni vyeusi, amegonga mpaka mkono unauma na hakuna aliyegeuka. Ndipo honi ikanijia akilini.

"Bi, piga honi. Sogea nyuma, kwenye usukani."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma, Bi. Kwenye usukani."

"Mwanangu, nyuma ni buti. Usukani uko mbele."

Si kwamba sijaona magari, Mokowe ng'ambo ya maji yapo. Ila nilikuwa nimeingiwa na hofu, na mimi nikiogopa macho humtafuta nahodha, na nahodha wa mashua hukaa nyuma, mkono kwenye usukani.

"Wewe watoka wapi?" akauliza.

"Amu, Bi."

"Teksi umeshawahi kuipanda?"

"Bado."

Akacheka, kicheko chenye kikohozi ndani yake. "Haya. Nimeletewa nahodha." Lakini nilisikia pumzi yake imetulia.

Kuvuka viti aende mbele hakuweza, goti lake halikunjiki. Nikamuuliza ana nini mkononi. Alikuwa na mwavuli. Nikamwambia aupenyeze katikati ya viti, asukume kwa ncha. Mara ya kwanza akagonga kioo, ya pili akaiangusha simu ya dereva. Ya tatu honi ikalia, ikanipasua masikio.

"Usiachie, Bi. Bonyeza, bonyeza," nikawa napiga kelele, mpaka shangazi akafungua mlango kutazama nina nini.

Mara nikasikia watu wanaulizana nje ya gari, halafu miguu inakimbia, halafu mlango unafunguka. Mji wote ukaingia kwenye visikizio vyangu kwa mpigo. Nikamsikia mama akinywa maji.

Dereva akaichukua simu ya mama, anahema. Akaniomba nisimfungie akaunti, ana watoto. Nami nilikuwa siwezi kuifunga kesi bila kuchagua kosa: lugha mbaya, uchafu, kuchelewa, au hatari kwa abiria. Nikichagua hatari, kazi hana. Nikaona si langu kuamua, nikamuuliza mwenyewe aliyefungiwa.

"Andika amechelewa," akasema mama. "Si uongo. Amechelewa kunifungulia." Kisha nikamsikia akimgeukia dereva. "Na mimi sasa nakaa mbele. Mlango wangu nitaushika mwenyewe."

Simu aliiweka mapajani bila kuikata. Ilikuwa juu yangu kuikata, na sikuikata. Gari likaondoka. Nikasikia tuktuk zikipita ubavuni, muuza madafu akiita, dereva akisema pole kila tuta, na mama akimwambia tazama mbele.

Msimamizi akaniandikia akiuliza kwa nini simu ile haiishi. Nikamjibu kwa Kiamu chetu, abiria bado yuko ndiani.