Bibi Eufrasia na Watoto wa Huduma

Wakimbizi walipofurika Kigoma, kila shirika lenye gari jeupe lilijipatia watu wake wa kusaidia. Kanisa moja la Gungu nalo halikutaka kupitwa. Kwa kuwa wakimbizi walikuwa wameshagawanywa, likaangukia wazee.

Ndivyo Bibi Eufrasia, mjane asiyewahi kumwomba mtu chochote, alivyoanza kuletewa watoto wa kwaya kila Jumamosi, Mwalimu Angela akiwa mbele. Walifagia uwanja alioufagia mwenyewe alfajiri, maana mgeni hapokelewi penye taka. Walimchotea maji, wakayanywa. Na kwa kuwa kwake mgeni haondoki na njaa, bibi alisonga ugali wa kundi zima na kuwakaangia dagaa wake wa wiki nzima, nao wakamwimbia mapambio ya kumtia moyo.

Jumamosi moja watoto walikuta nyuma ya jiko ndoo ya muhogo aliouloweka ili apate unga. Harufu ikawapiga. Wakasema umeoza, wakaumwaga wote shimoni, kisha wakaisugua ndoo mpaka ikang'aa.

Mwalimu Angela akaisifu ile ndoo, akamgeukia mwenyeji wake.

"Bibi, tukuongezee huduma gani?"

Bibi Eufrasia aliinama akachungulia ndani ya ndoo, kana kwamba huenda kipande kimoja kimesahaulika.

"Nipelekeni kambini, mwanangu," alisema. "Wale wanaletewa unga. Mimi naletewa walaji."