Dawa Chungu ya Munganga wa Meno

Siku ile, mwanangu, hata leo ikinirudia nasikia baridi mgongoni. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na mara kwa mara risasi zililia upande wa stesheni. Mimi na Kapinga, binti wa jirani yetu kule Kampemba, tulipelekwa na mameri, watawa wa shule, kwa munganga wa meno. Alikuwa mzungu mzee, peke yake katika nyumba yenye madirisha yaliyofungwa. Umeme ulikuwa umekatika, basi akamulika kwa tochi. Alitusugua meno, akayakausha, akayapaka dawa chungu iitwayo fluori.

“Musikule, musikunywe hata maji,” alituambia. “Mungoje kwanza.”

Kwa woga tukadhani hata kusema ni marufuku. Tukarudi midomo imebana, kwenye avenyu isiyo na mtu wala mbwa. Mama mmoja alitusalimu kutoka mlangoni; hatukuitika. Alitukazia macho, akajifungia ndani. Siku zile watu waliwaogopa batumbula, wanaosemekana kuteka watu. Walisema ukishikwa nao, kinachokufa kwanza ni sauti.

Jioni haijafika, uvumi ulikuwa umeenea mtaa mzima. Mama Kapinga aliingia kwetu akilia, akamwambia baba yangu:

“Baba Ngoie, batoto yetu banabafunga kinywa! Ile dawa iko ya batumbula!”

Alimsugua Kapinga meno kwa majivu hadi damu ikatoka, wala hakumrudisha tena kule. Baba yangu, fundi wa reli, alinishika mkono kesho yake, tukaenda. “Munganga, hii dawa inafanya nini?” Mzee akamweleza bila kuudhika: inakaza jino, lisitobolewe upesi na uozo. Baba akakubali. Niliendelea kurudi kwake hadi matibabu yakaisha.

Vita vilipokaribia kwisha, jino la Kapinga lilioza. Shavu likavimba, uvimbe ukashuka shingoni. Tulikimbilia kwa munganga. Alikuwa amekwisha kuondoka, mlango ukijigonga kwa upepo. Kapinga alikoroma siku mbili nyuma ya ukuta wetu. Kisha tukasikia kilio cha mama yake tu.

Sisemi fluori ingemwokoa kwa hakika. Lakini nasema hivi, mwanangu: mpeleke mtoto kwa munganga wa meno kabla jino halijauma. Apakwe fluori, na nyumbani apige mswaki. Ukiogopa dawa, muulize anayeitoa, si wanaoikimbia.

Mungu akulinde wewe na wanao, akupe uzee wa kutafuna mahindi ya kuchoma.